Matawi Niliyoyaweka Karibu Mno

Ile pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani haikuwa ndani ya gari siku ile, na aliyeitoa ni mimi mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia wanamlaumu shemeji yangu, na shemeji hana kosa. Aliiomba kwa adabu. Alikuwa anakwenda Fort Portal, na njia ile polisi hukagua. Mtaani kwetu hapa Kasese vitu vya dharura vinatembea: wenye magari tuko wanne, kizima moto ni kimoja, pembetatu ni mbili, na anayekwenda mbali ndiye anayebeba. Tunacheka kwamba kile kizima moto kimesafiri kuliko sisi wote. Shemeji aliporudi alinipigia simu anirudishie, nikamwambia, "Kaa nayo tu, mimi naenda Bwera hapo." Nilisema "hapo" kama mtu anayekwenda kuchota maji.

Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na sijui kama mambo ya woga yanaandikika vizuri. Nitayaweka jinsi yalivyokuwa.

Nilikuwa namrudisha mama nyumbani kwake Bwera. Alikuwa ameteleza kwenye kijia cha Kyarumba alipokwenda kumsaidia ndugu yake kuchuma kahawa, akavunjika mguu, akalazwa Kasese majuma mawili. Plasta ilianzia kwenye vidole ikapanda mpaka pajani. Tulimweka kiti cha nyuma, mgongo kwenye mlango wa kulia, nyuma yangu mimi dereva, na mguu umenyooka juu ya mito kuelekea mlango wa pili. Kumwingiza tulikuwa watu watatu, mimi na wauguzi wawili, na bado aliuma meno.

Nisijilaumu kupita kiasi: gari nililiandaa. Asubuhi nilitazama maji ya rejeta, oili na breki. Nilikuwa na jeki, kamba, dumu la maji, na tairi la akiba nililibonyeza kwa goti nikaona lina upepo. Spana ya magurudumu nayo ilikuwepo. Niliiona kwa macho, nikaridhika. Kuijaribu kwenye nati sikuijaribu.

Ukishapita njia panda ya Kikorongo, barabara inashika ukingo wa mbuga ya wanyama. Ni majani marefu na miti ya miiba, nyumba hakuna. Ilikuwa kama saa sita mchana. Tulikuwa tumetoka kwenye kona moja ndefu nikasikia tairi la nyuma, upande wa kulia, likipasuka. Gari likayumba. Nilitaka kulitoa kwenye lami, lakini pale ukingo umekatika na chini ni mtaro wa kimo cha goti, nikaogopa kulipindua na mama ndani. Likasimama karibu lote barabarani.

"Ni nini?" mama aliuliza.

"Ni tairi tu, mama."

"Tu," alisema.

Nikashuka na spana, nikaivika kwenye nati ya kwanza. Ikazunguka bure. Ya pili vilevile. Nati zilikuwa ndogo kuliko spana. Ndipo nikakumbuka fundi wa gereji aliyenibadilishia nati za gurudumu lile kabla ya Pasaka. Alinionya. Alisema, "Mama, hizi ni za gari lingine, tafuta spana yake." Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi kununua mchele Mubuku, nikamwitikia bila kumsikia. Kwa hiyo fundi naye hana kosa.

Simu ilishika mtandao kwa shida. Nikampata shemeji, akasema anakuja na spana yake, lakini kutoka Kasese mpaka pale si karibu. Gari letu lilikuwa limekaa barabarani, kona iko nyuma yetu, na malori yanayoshuka mpakani hayapiti polepole.

Hapa ndipo pa kunihukumu. Kumtoa mama au kumwacha? Kando ya mtaro palikuwa na mavi ya tembo, bado mabichi, nzi wamejaa juu yake, na majani yamelazwa kuelekea porini kama kitu kikubwa kimetoka kupita. Niliwaza: nikimkalisha nje, tembo akitokea, mtu mwenye plasta atakimbilia wapi? Ndani ya gari kuna bati angalau. Tena peke yangu nisingeweza kumbeba bila kuuvunja mguu mara ya pili. Nikamwacha ndani. Nikilipima wazo lile leo naona lilikuwa na akili kidogo. Kidogo.

Pembetatu haipo, basi ni matawi. Kila mtu wa njia ile anajua: ukiona matawi yamelazwa kwenye lami, mbele kuna gari limekufa, punguza mwendo. Lakini matawi yalikuwa kule kule yalikolala yale majani. Nikaingia. Mti wa kwanza ulikuwa wa miiba, ukanichana mikono mpaka kwenye viwiko. Kila tawi lililovunjika lilitoa mlio, na kila mlio ulinifanya nigeuke. Nikaanza kuongea kwa sauti ili nijisikie.

"Unaongea na nani?" mama aliita kupitia dirishani.

"Na wewe, mama."

"Mimi niache. Vunja."

Nikapata matawi matano. Nikayaburuta kuelekea kona. Nilijua mahali pake. Matawi yanawekwa ng'ambo ya kona, ili dereva ayaone kabla ya kuikata. Lakini nikienda ng'ambo ya kona nisingeliona gari. Nilitembea hatua thelathini hivi, nikageuka, nikaona kichwa cha mama kwenye kioo, kitambaa chake cha manjano, na miguu ikakataa kwenda zaidi. Nikayalaza pale pale. Nilijiambia yanatosha. Sikuamini, lakini nilijiambia.

Nilikuwa bado nimeinama nikasikia lori. Sauti ilitangulia, kishindo cha injini nzito inayoshuka. Nilikuwa na leso kiunoni. Ningeweza kuifungua nikimbie kwenye kona nikiipunga. Ningeweza kukimbia kwenye gari, ingawa sijui ningefanya nini nikifika. Sikufanya hata kimoja. Niliruka mtaro nikakimbilia majanini, majani yale yale niliyokuwa nikiyaogopa, nikalala kifudifudi.

Nilisikia breki zikilia, muda mrefu kuliko nilivyodhani breki zinaweza kulia. Harufu ya mpira ulioungua ikafika. Halafu kimya. Sikutaka kuinuka. Kama mama angeita ningeinuka, lakini hakuita, na kule kutoita ndiko kulikoniinua.

Lori lilikuwa limejaa saruji. Lilikuwa limepita juu ya matawi, na kutoka pale niliposimama sikuona nafasi kati ya pua yake na gari langu. Nilipokaribia nikaiona. Mtu angepita katikati kwa ubavu.

Dereva alishuka. Alikuwa Mkongomani, anarudi kwao.

"Mama, ni wewe uliweka matawi hapa?"

"Ni mimi."

"Uliwekea nani? Matawi na gari, vyote niliona mara moja."

Akachungulia dirishani, akavua kofia. "Ah. Kumbe iko mutu ndani."

"Ni mama yangu. Mguu umevunjika. Niliogopa tembo."

"Tembo iko mbali, mama. Kamyo iko karibu."

Kwao lori ni kamyo. Hakusema kwa ukali.

Alikuwa na mwenzake, mzee mwenye ndevu nyeupe. Yeye, bila kuambiwa, aliyakusanya matawi yangu akaenda nayo ng'ambo ya kona. Aliporudi, sisi watatu tukamtoa mama, tukamvusha mtaro, tukamkalisha kwenye mito mbali na lami. Ilichukua muda mfupi sana. Nilitazama jinsi ulivyokuwa mfupi, nikaona aibu.

"Mnigeuze niangalie porini," mama alisema kwa Kikonzo. "Tembo akija nimwone mimi. Huyu binti yangu ana kazi nyingi."

Dereva akacheka. Watu wa upande wao na sisi, lugha ni karibu moja. "Mama muzee, tembo akija tutamuuliza kama iko na spana."

Yeye alikuwa nayo, ile ya msalaba yenye vichwa vinne, na kimoja kikaingia kwenye nati zangu. Tairi likabadilishwa. Nikampigia shemeji arudi. Kumbe alikuwa bado Kasese, anatafuta mtu wa kubaki dukani kwake. Tukamrudisha mama ndani, akauma meno tena. Nilipotaka kumshukuru dereva vizuri alinikatiza.

"Mara ingine toa mutu kwanza. Kisha tembo, kisha tairi."

Wakangoja mpaka nimeyatoa matawi barabarani, maana yakibaki yatamuumiza mwingine. Sasa nilikwenda ng'ambo ya kona peke yangu, nikayatoa yote. Haikuwa mbali hata kidogo.

Tukaendelea. Nilikuwa nimeshika usukani kama mtu aliyeanza kujifunza jana. Nilijiambia labda mama amelala, labda hakuona, alikuwa ameegemea mlango, kioo kina vumbi. Nilikaa na hilo labda kitambo, likanishinda.

"Mama, uliniona?"

"Saa ngapi?"

"Lori lilipokuja."

Tukafika kwenye nyumba za kwanza, wanawake wanaanika mihogo kando ya njia.

"Nilikuona mgongo," alisema.

Baadaye akaongeza: "Ningekuwa na miguu yote miwili, ungenikuta huko majanini nimekutangulia."

Sijui kama alisema hivyo ili kunisamehe au kwa sababu ndivyo ilivyo. Nyumbani Bwera watu walipouliza safari ilikuwaje alisema ilikuwa nzuri, ila joto. Lakini njia nzima kutoka pale, kila lori lilipotokea nyuma yetu, mkono wake ulikuja ukashika bega langu, na ukaachia lori lilipokwisha kupita. Ulishika kwa nguvu. Sikuweza kutambua kama ananituliza au ananizuia nisikimbie tena, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili.