Picha za Kwenye Merikani

Mwaka wa surua, kabla mvua hazijakatika, tulimpoteza dada yangu. Hadi leo harufu ya mafuta ya taa hunirudisha kwake.

Gari la sinema la serikali lilikuwa limepita mtaani kwetu Ng'ambo, nasi watoto tukaiga. Tulitundika merikani ya mama, nguo nyeupe ya pamba, tukaweka kandili nyuma yake, na dada akachezesha vivuli vya vidole. Mama aliruhusu mpaka ugali uive tu.

"Zimeni! Mtaharibu macho, na mafuta yangu hayaokotwi!"

"Mama, sungura bado yuko njiani!"

"Atafika kesho. Njooni mle."

Dada alinung'unika kila jioni, na kila jioni mama alishinda.

Dada alipofariki, nguo nyeupe nyumbani ilikuwa ile moja. Mama aliitungua mwenyewe, wanawake wakamvika sanda hiyo.

Jioni ya mazishi mama aliwasha kandili, akaiweka mbele ya ukuta wa udongo, akanigeukia mimi mwanawe.

"Cheza, baba. Leo sikukatazi."

Nilinyoosha mkono. Kivuli cha mkono kikatokea ukutani, kikubwa. Mama aliketi akikitazama mpaka mafuta yakaisha.