Sufuria iliyokosekana kwenye hadithi yangu

Leo msichana wa miaka kumi na minne amenifunga mdomo.

Nilikuwa nawasomea vijana wa hapa Tshopo, Kongo, hadithi niliyoandika: dunia imeharibika, watoto watano wanakimbilia msituni. (Nilikuwa najisikia sana, nakiri.)

Furaha, msichana huyo, aliyekimbia vita huko Kivu, akanyoosha mkono. (Tonton, yaani mjomba, ndivyo wanavyoniita.)

"Tonton, mbona hakuna mutu iko na sufuria?"

Nikacheka. Wote wakacheka.

"Dunia imeisha, wewe unawaza sufuria?"

Hakukasirika hata kidogo.

"Sisi tulikimbia na sufuria, Tonton. Njo ile tu tuliweza kubeba. Koko, mama ya papa, tulimuacha."



Jamani, niambieni ningemjibu nini.

Maana mimi, mwandishi mzima, nilisema, "Bon, haya, tuendelee," nikageuza ukurasa.