Leso iliyokataliwa kuuzwa

Katika duka moja la leso pale Biashara Street, mbele yangu, mama mjamzito alimnyooshea mavyaa wake leso. "Nisomee jina, mama, haya maneno ya leso. Kichwa chaniuma tangu jana, na macho yaona vimulimuli tu."

Mavyaa akacheka, akamgusa mashavu yaliyovimba. "Huyo ni mtoto wa kiume."

Mwenye duka, ambaye sijapata kumwona akimwacha mteja atoke mikono mitupu, aliivuta ile leso akaikunja. "Siuzi. Mpeleke hospitali sasa hivi, mama, apimwe presha. Dadangu alianza hivi hivi."

Nilidhani naota.

Wiki hii nimemkuta mavyaa dukani, peke yake. Amepata mjukuu wa kike, na mkazamwana ni mzima.

"Wataka leso ya jina gani?" akaulizwa.

"Yoyote. Sasa ajisomea mwenyewe."