Mstari Mweupe Kwenye Mguu wa Baba

Baba alikuwa mkulima wa korosho Kitangari. Kwa miaka mingi dole gumba la mguu wake lilikuwa likivimba ghafla na kuwaka moto, hata shuka hakutaka limguse. Watu walisema amekanyaga kitu kilichofukiwa mlangoni. Mganga naye akasema aliyekifukia ni wa damu yake, na baba alikuwa na mdogo mmoja tu. Maneno yalipozidi, baba mdogo aliacha mikorosho yake iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa, akahamia Lisekese.

Mguu haukupona. Baba akawa mtu wa vidonge vya maumivu vya dukani, anavimeza kama njugu.

Aliposhindwa kusimama nilimpeleka Masasi. Daktari, mwanamke wa rika langu, alimwamkia, akampaka mafuta ya baridi kwenye dole, akapitisha kifaa cha ultrasound taratibu.

"Mzee, tazama hapa kwenye kioo. Mstari huu mweupe wa chini ni mfupa. Huu wa juu haukutakiwa kuwepo. Ni chembechembe kama za chumvi, zimetanda ndani ya kiungo. Hii ni gauti."

"Hakuna aliyenitumia?"

"Haitumwi, mzee. Inatoka kwenye damu yako mwenyewe."

Daktari akahamishia kifaa ubavuni, na safari hii hakutuonyesha chochote. Baadaye aliniita pembeni. Figo zilikuwa zimesinyaa; huenda ni gauti, huenda ni vile vidonge. Hazingerudi katika hali yake.

Tulipotoka, baba alitaka tupitie Lisekese. Baba mdogo alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Hakumpa kaka yake shikamoo. Alitutandikia mkeka, akasikiliza habari yote, ya kile kioo na ya figo.

"Chumvi," akasema. "Nimehama kwangu kwa ajili ya chumvi."

"Nisamehe, mdogo wangu. Rudi nyumbani."

"Nikirudi, nani atawaambia watu? Wewe unaondoka, kaka."

Baba alifariki kabla mikorosho haijatoa maua. Msibani niliwaeleza wanawake niliokaa nao habari ya gauti na ile picha. Walinisikiliza kwa upole, wakanipa pole. Kisha mmoja akainamia sikio langu, akauliza kama yule aliyemmaliza amethubutu kuja kuzika.