Safu ya Kuondoka

Ukitoa tarehe ya kuwasili kwenye tarehe ya kuondoka, kompyuta inakupa idadi ya usiku. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu: kuwapangia vitanda wauguzi wanaokuja mafunzoni. Katika safu ya kuwasili niliweka fomula moja kwa wote: siku ya kwanza ya mafunzo, toa moja. Mafunzo yakianza Jumatatu, kitanda kipo Jumapili, siku ya Mungu. Nililipenda jedwali lile kama ninavyopenda hesabu iliyokubali.

Alhamisi moja akaingia mkunga kutoka Kibombo, matope hadi magotini.

“Mama, kitanda yako iko siku ya Mungu,” nikamwambia.

“Mvua ilikuwa inakuja, mwanangu. Ningengojea, njia ingekatika.” Akachungulia kompyuta. “Sasa mpaka siku ya Mungu nilale wapi? Ndani ya hii mashini yako?”

Wenzangu wakacheka. Mimi nikamwonyesha safu, kana kwamba safu ni godoro.

“Uko na ndugu hapa mujini?”

“Ningekuwa naye, ningekuja kwako?”

Nikamwambia sheria ni sheria. Akafunga kitenge chake vizuri, akaaga kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi, akatoka.

Wakati wa vita, mama yangu alinibeba mgongoni hadi Kibombo hiyo hiyo. Tuligonga mlango wa watu tusiowajua. Walitutandikia mkeka, wakatupa wali, na kwa miezi yote tuliyokaa hakuna aliyetuuliza tutaondoka lini. Kwao, kumuuliza mgeni siku ya kuondoka ni kumfukuza. Mama alirudi na desturi hiyo Kindu. Hadi leo mkeka wa wageni umesimama umekunjwa nyuma ya mlango wangu.

Nilikumbuka mkeka huo jioni ile, nilipofika nyumbani na kuusukuma kwa mlango. Nikarudi mbio, nikaulizia sokoni, kwa watu wa pikipiki. Mmoja akasema, “Ule mama wa matope? Amesharudi kwao.”

Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Kwenye jedwali, mbele ya jina lake, fomula ilionyesha usiku sita. Haikuwa na kosa.

Siku hizi watu wa Kibombo nawatolea siku nne badala ya moja. Safu ya kuondoka naiacha wazi, na mkuu wangu hugomba kila mara. Lakini yule mkunga, kila nikimwalika, hajibu.