Chausiku na Nusu ya Habari

Zamani za Wadachi, hapa Rumonge, hakuna mwanamke aliyefunga mzigo wa ndagala kabla Chausiku hajasema zimekauka. Alipita kati ya samaki waliotandazwa mchangani, akaokota mmoja, akamvunja karibu na sikio. Samaki akilia kwa ukavu, alisema, "Fungeni." Asipolia, alisema, "Bado," na wachukuzi wa milimani wakakaa chini, hata kama chakula chao cha njiani kilikuwa kimekwisha. Siku moja wachukuzi wa Bugarama waliutaka mzigo wake mwenyewe. Akavunja, akasema bado. Jioni mvua ikanyesha, mzigo wote ukaoza, hasara ikawa yake. Hapo ndipo watu walipomwamini. Mpole hakuwa, na maneno matamu hakuyajua, ila kitu ambacho hakukivunja hakukisema.

Alikuwa dada mkubwa wa Mwamini, bibi yangu aliyenilea. Nayaandika haya kwa sababu mpaka leo kuna watu wa ziwani wanaosema Chausiku aliua watu, na wengi wao hata hawajui sindano ile ya Wadachi ilikuwa ya nini.

Ilikuwa ya malale. Mtu alisinzia na tonge mkononi, kesho akasinzia amesimama, mwisho hakuamka. Wadachi wakamleta daktari. Akajenga kambi ya matete nje ya mji, akaanza kuwashika watu shingo kutafuta matezi. Alitibu, na tena alichunguza, maana kila alichokiona kilikwenda kwenye karatasi. Siku za soko alitaka watu waambiwe alichogundua, basi akamtuma askari na baragumu. Akili gani hiyo? Baragumu la askari watu walilijua, lilikuwa la kukamata wachukuzi. Soko zima lilijificha kwenye matete, askari akabaki anawatangazia mbuzi.

Karani wa daktari aliitwa Asmani, mtu wa Ujiji, mwandiko mzuri na moyo wa kuku. Ndiye aliyesema, "Bwana, hawa iko mwanamke mmoja wanamusikiliza. Yule wa ndagala."

Chausiku akaitwa kambini.

"Nitasema nilichoona," akamwambia daktari, Asmani akifasiri. "Cha kuambiwa, mutume askari wenu."

Daktari hakukasirika. Alimketisha mbele ya chombo chake cha kukuzia vitu, akamwonyesha tone la damu ya mgonjwa. Halafu akamwonyesha damu ya mtu aliyekwisha kuchomwa sindano. Chausiku aliangalia moja, akaangalia nyingine, akarudia mara tatu. Alikuwa anavunja.

Siku ya soko alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Amahoro," akawasalimu. "Damu ya mugonjwa nimeiona kwa macho yangu. Iko wadudu ndani, wanachezacheza kama watoto wa ndagala."

"Na wanauzwa kwa kikapu?" mvuvi mmoja wa Kabonga, jina lake Alimasi, akauliza.

"Wa kwako hawajazi hata kiganja, Alimasi. Damu yenyewe umemaliza kwa pombe."

Watu walicheka, na waliocheka hawakukimbia.

"Aliyechomwa sindano nimeona damu yake pia," akasema. "Wadudu hakuna. Dawa imewaua."

Basi watu wakaenda. Walitoka Muhuta, walitoka Kabonga, na Alimasi mwenyewe akapeleka shingo yake, akakutwa na matezi. Wakiulizwa nani kawatuma, walijibu Chausiku kaona.

Mwamini hakutaka. Alikuwa mfumaji wa mikeka, na mkeka wake ulijulikana kwa rangi: nyekundu na nyeusi, mistari haikosei. Lakini alikuwa ameanza kulala juu ya kazi, ukindu mkononi.

"Yaya, mimi naogopa hiyo kitu," alimwambia dada yake.

"Unaogopa sindano, kaburi huogopi?"

"Wewe umeiona kweli?"

"Nimeiona."

"Haya. Kama umeiona."

Alichomwa wiki baada ya wiki. Usingizi ulipungua, akarudi kufuma, Chausiku akawa anatembea kifua mbele. Halafu asubuhi moja Mwamini akanyanyua ukindu juani.

"Yaya, hii ni nyekundu au nyeusi?"

"Acha mchezo."

"Sichezi. Naona kama iko moshi."

Chausiku alimpeleka kwa daktari. Daktari akamwashia mshumaa mbele ya macho, akaupeleka huku na huku, akaandika. Asmani akafasiri akiangalia chini: ni moshi wa jikoni, aendelee na sindano. Mwamini akaendelea. Baada ya sindano mbili zaidi, mshumaa wenyewe hakuuona.

Chausiku hakwenda tena kwa daktari. Alimwendea Asmani, akamkuta peke yake ananakili karatasi.

"Hiyo ni nini?"

"Ya kazi."

"Asmani. Mimi nimesimama juu ya mtumbwi kwa ajili yenu."

Karani akaweka kalamu chini. "Ni majina kumi na moja. Wote macho. Dawa inaua wadudu, na kwa wengine inaua macho."

"Mumejua tangu lini?"

"Tangu masika."

Masika yalikuwa yamepita miezi mitatu.

"Na karatasi inakwenda wapi?"

"Ulaya. Wakubwa wa daktari wanataka kujua dawa inafanya nini."

"Na sisi tunaochomwa?"

"Wewe ulionyeshwa damu. Macho hukuonyeshwa, kwa sababu ungesema."

"Mwamini yumo?"

Asmani akashusha kidole kwenye orodha. "Wa tisa. Aliandikwa siku ile ya mshumaa."

Kwa hiyo daktari alipotaja moshi wa jikoni, jina la Mwamini lilikuwa linakauka wino mezani pake. Chausiku akamwambia Asmani amsomee majina yote, mara mbili. Kusoma hakujua, kushika alijua.

Siku ya soko akapanda mtumbwini kama kawaida, askari yuko pembeni.

"Nilichowaambia kilikuwa kweli," akasema. "Kilikuwa nusu. Nusu nyingine ni hii." Akataja majina kumi na moja, kila mtu na kijiji chake, na la Mwamini akalitaja palepale pake, la tisa. "Usipochomwa utakufa. Ukichomwa, pengine utapofuka. Sasa kila mutu achague mwenyewe."

Nani alisikia "utakufa"? Walisikia "utapofuka". Kabla jua halijazama mabanda ya kambini yalikuwa matupu nusu. Chausiku alichapwa viboko kumi na vitano mbele ya kambi, na daktari akamwambia kwa mdomo wa Asmani kwamba ameua watu wengi kuliko mbung'o waletao malale.

Na watu kweli walikufa. Alimasi alirudi Kabonga anaona vizuri kabisa, na kabla mwaka haujaisha alikufa usingizini. Zena mke wake alikuja hadi mchangani, akasimama mbele ya Chausiku na wanawake wote wanatazama.

"Ulimpeleka kwenye sindano kwa mdomo wako, ukamtoa kwa mdomo wako," akasema. "Siku ya kumuosha, mdomo wako ulikuwa wapi?"

Daktari alihamishwa, akaondoka na makasha yake ya karatasi, na hakuna aliyekwenda kumuuliza chochote.

Mwamini aliishi. Alizaa akiwa kipofu, akalea akiwa kipofu, akafuma mikeka ya rangi moja. Chausiku alimpikia mpaka uzeeni. Mara moja tu, bibi yangu alinisimulia, walizungumza habari ile.

"Nisamehe," Chausiku alimwambia. "Bila sindano ungekufa."

"Najua. Pengine ningekubali tu," Mwamini akajibu. "Lakini baada ya ule mshumaa nilichomwa mara mbili, yaya, na sikuulizwa."

Mchangani Chausiku aliendelea kuanika, ila kazi yake ya zamani aliiacha. Wachukuzi wakaja, wanawake wakamwita kama siku zote: "Mama, zimekauka?"

Alichukua ndagala, akamweka mkononi mwa aliyeuliza.

"Vunja mwenyewe," akasema, akaenda zake.