Mama wa Bonga na Kadi Niliyoijaza Mimi

"Hapana, dada, foleni ndefu siyo sababu." Nilimjibu hivyo muuguzi mwenzangu aliyekuwa ananitetea, maana nilijua nilichofanya.

Pale zahanati yetu ya mjini tulitakiwa kumwuliza kila mgonjwa kazi zake, na anatembea kiasi gani kwa siku. Mimi kwa haraka zangu nilikuwa namwangalia mtu mwili tu, halafu najaza kadi. Asubuhi ile akaja mama mnene kutoka kijiji cha Bonga, magoti yamevimba. Nikaandika "hatembei", nikamwambia, "Mama, unakaa mno. Uwe unatembea, hata kidogo kidogo."

Akacheka. "Sawa, mwanangu. Basi nirudi Bonga kwa kuzungukia Singida?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nikakasirika, nikaita mwingine. Yeye akaniaga vizuri, akajitwisha debe lake, akaondoka.

Jirani yake ndiye aliyenieleza baadaye. Mashine ya kusaga ya kwao ilikuwa imezimika kwa kukosa dizeli, kwa hiyo mara mbili kwa wiki yule mama alibeba mahindi kichwani mpaka mjini, akarudi na unga, kote kwa miguu. Magoti yale yalitaka kupumzika, na mimi nimemwagiza atembee! Hata shikamoo sikumpa.

Jioni nililifuta lile neno kwenye kadi, lakini yeye angejuaje? Nikaamua kwamba kesho yake, kukipambazuka tu, nakwenda Bonga kwa miguu. Nimwamkie, nimwulize upya, nimwambie apumzike. Na debe linalofuata nilibebe mimi.